Afisa Mkuu wa Kupoza Wakimbiaji Anastaafu

Nianze na upumbavu wangu wa kwanza, maana msipousikia kwangu mtausikia kwa watu wasionipenda. Nilimlaza Rashid, mkimbiaji wetu bora wa mbio ndefu, ndani ya kasha la samaki la mama yangu, juu ya ngege waliokuwa wakingoja kwenda sokoni. Nikamfunika kwa barafu mpaka shingoni, nikamwambia aimbe wimbo wa taifa polepole, beti zote, ndipo atoke.

Nia yangu ilikuwa njema. Kila mtu aliyewahi kuharibu kitu kikubwa huanza utetezi wake hapo.

"Omera, ndugu yangu," Rashid aliniambia alipofika ubeti wa pili, meno yakigongana, "huyu mmoja ananiangalia."

"Funga macho."

"Nikifunga mimi, yeye hafungi."

Alipotoka, magoti yalikataa kukunjika. Tulikuwa tumepanga mazoezi marefu mchana ule ule, kutoka kwetu Nyamasaria hadi kwao Mamboleo, na nilikuwa nimeapa kwamba mtu aliyepozwa namna ile atapaa. Rashid alitoka langoni kama ngazi inayobebwa na mtu asiyeonekana. Paka wa jirani walimsindikiza kwa heshima kubwa.

Hajafika hata kwenye kona, mama akarudi. Alikuwa ameenda kwa mkutano wa chama cha akina mama na mkutano ukavunjika mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu chama kianze. Alikuta kasha wazi. Barafu ilikuwa na umbo la mgongo wa mtu, mabega yakionekana vizuri, na chini yake ngege walikuwa wamelala sambamba kama wanafunzi waliosikia viatu vya mwalimu wa zamu. Mama akatazama kasha. Akanitazama mimi. Akatazama barabarani, ambako Rashid alikuwa anaondoka na gamba moja la samaki likimetameta nyuma ya sikio.

Akafunika kasha. Hakusema kitu.

Vijana, mzazi anayepiga kelele ni rafiki yako. Amekupa kila kitu hapo hapo, ukala ukamaliza. Ogopa anayenyamaza. Mama alikaa na maneno yake muhula mzima. Alinipikia, akanituma dukani, akaniuliza habari za shule, na yale maneno yako pale pale kifuani mwake, yanaiva. Nitawaambia alichosema, neno kwa neno. Lakini mstaafu mwenye akili hali pensheni yote siku ya kwanza.

Sasa nijitambulishe vizuri. Naitwa Otieno, Oti kwa wanaonipenda, niko kidato cha nne, nina miaka kumi na saba, na nimestaafu. Nawaandikia ninyi wa Gredi ya Kumi mlioingia juzi na sare ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Mmekuta kila kitu kiko tayari. Mnakuta mkimbiaji anavaa barafu kifuani kabla ya mazoezi ya saa nane mchana, mnadhani ilikuwa hivyo tangu uhuru. Hapana. Sisi tuliokuwa kazini tuliumia, hasa Rashid. Wastaafu wengine hupewa saa ya ukutani na kiti cha kubembea. Mimi nilipewa ndoo isiyo na mkono, na hiyo ndoo nilikuwa nimeileta mwenyewe kutoka nyumbani.

Rashid hatayasoma haya. Yeye husoma tu habari zenye jina lake kwenye kichwa, ndiyo maana sikuliweka pale juu.

Mtauliza kazi hii ilitoka wapi. Ilitoka kwenye toroli.

Mwaka jana, kwenye mashindano, Rashid aliongoza mita elfu kumi karibu mbio nzima. Jua la Kisumu mnalijua. Sehemu zingine jua linachoma, hapa kwetu linakuvaa. Hewa ya ziwa ni nzito kama sweta, na jasho linatiririka tu bila kukauka. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kumaliza, Rashid alianza kukimbia kuelekea kwa watazamaji, akawasalimia kwa adabu, akaanguka. Machela haikupatikana kwa sababu mtu wa machela alikuwa ameenda kula. Wakambeba kwa toroli lililokuwa limebeba chokaa ya kuchorea mistari. Alifika kwenye hema la huduma ya kwanza nusu mweupe, kama ukuta ambao fundi ameuacha akaenda chai.

Baba yake, Mzee Abdalla, ni fundi wa pikipiki pale Mamboleo. Mtu mpole, anaongea kama anakaza nati. Alikaa na mtoto wake jioni ile, akamwambia, "Nimekuona kwa toroli. Sitaki kukuona kwa toroli tena. Ukianguka mara nyingine, hivyo viatu nampa binamu yako, na wewe utakuja gereji kushika spana."

Rashid hana shida na spana. Lakini nimemwona mtu huyu akiosha viatu vya kukimbilia kwa mswaki wake mwenyewe, na sijui kama alinunua mwingine baadaye. Aliponiambia maneno ya baba yake hakulia wala kutukana. Aliniuliza tu, "Oti, wewe si unajuaga vitu? Tafuta dawa ya jua."

Mimi sikujua kitu chochote. Nilikuwa na mama mwenye barafu, basi. Watu wengi wamepata vyeo vikubwa kwa sifa ndogo kuliko hiyo.

Kocha wetu ni Mwalimu Odhiambo, anayefundisha historia. Falsafa yake ya michezo ina sentensi moja, nayo ni, "Joto liko kichwani." Aliitoa kila siku, saa nane mchana, akiwa amekaa kwenye kiti chini ya mwavuli mkubwa wa rangi mbili, na chupa ya maji baridi katikati ya miguu. Simsemi vibaya. Alikuwa anafundisha kwa mfano. Alituonyesha jinsi mtu mwenye akili anavyokaa mchana.

Baada ya lile kasha, nilijaribu dawa ya kuchua. Mnaijua, iko kwa kikopo kidogo, ukifungua chumba kizima kinapata mafua na kupona hapo hapo. Nyanya yangu huipaka magotini, anasema inaleta baridi. Nikasema, kama baridi inauzwa kwa kikopo, barafu ya nini? Nikampaka Rashid kifua, mgongo, shingo, na kidogo chini ya macho, kwa ajili ya usawa.

"Unasikiaje?"

"Buda, niko Limuru kwenye baridi."

Akaondoka kama mtu aliyeambiwa kuna chakula cha bure mbele. Mimi nilikuwa nyuma na baiskeli, nakanyaga mpaka mnyororo unalia, simfikii. Nilijiona tajiri. Tulipofika pale njia panda ya Mamboleo nilimpata chini ya meza ya mama anayeuza viatu vya mitumba, kichwa katikati ya raba mbili, macho yanatoa machozi, anakataa kutoka.

"Kijana, huyu ni wako?" mama wa viatu akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mtoe. Wateja wanadhani ananusa bidhaa."

Hapo ndipo nilipomwendea Madam Awuor, mwalimu wetu wa baiolojia, baada ya kumzunguka siku kadhaa kama mtu anayeogopa daktari. Nilimweleza yote, kasha na kikopo. Alisikiliza akisahihisha vitabu, kalamu nyekundu haikusimama. Nilipomaliza akavua miwani.

"Miguu pia uliiweka kwa barafu?"

"Kila mahali, Madam."

"Miguu ndiyo injini. Wewe ukitaka pikipiki iende, unailaza kwa friji kwanza?"

"Hapana, Madam."

"Na alitetemeka?"

"Sana."

"Kutetemeka ni mwili unawasha jiko. Kwa hiyo umechukua barafu ya mzazi wako ukaenda kuwasha jiko la mtoto wa wenyewe." Akafuta miwani kwa ncha ya blauzi. "Hiyo ya kikopo nayo, ngozi iliambiwa kuna baridi, mwili haukuambiwa. Alidanganywa akakimbia kwa kasi asiyoiweza. Kusikia baridi si kupoa, Otieno."

Andikeni hiyo sentensi mahali. Mimi niliiandika kwenye dawati, na nilipolisugua kwa msasa kama adhabu niliikumbuka vizuri zaidi.

Akanieleza kwa lugha ya jikoni, kwa sababu ile ya kitabu alijua nitailalia. Mtu akikimbia, misuli inatoa moto mwingi kuliko mwendo. Mwili una kiasi cha moto unachoweza kubeba, ukijaa unagoma, na ukiulazimisha unakuangusha. Jasho linasaidia likikauka, na kwetu halikauki. Sasa maji yaliyotoka mtungini yanachelewa kuchemka kuliko yaliyoachwa juani. Ukianza umepoa kidogo, una nafasi zaidi kabla ya kujaa. "Kidogo," alisema. "Nimesema kidogo. Sijasema umgeuze mtu awe mbuta, samaki wa friza."

Kisha akaongeza neno ambalo sikulipenda, kwamba dawa kubwa ya jua ni kulizoea. Wiki nyingi za mazoezi, polepole, maji ya kutosha, na ukisikia kizunguzungu unakaa chini, hata kocha aseme nini kutoka chini ya mwavuli. Barafu inaongezea tu. Nilisikitika, kwa sababu mimi nilikuwa afisa wa barafu, na hakuna afisa anayependa kusikia idara yake ni ya kuongezea.

Basi tukaanza kazi ya kweli. Nawapa ujuzi huu bure, na najua mtaudharau kwa sababu ni wa bure.

Poza kifua, mgongo na shingo. Miguu iache, tena wakati barafu iko kifuani mwambie atembeetembee na kuinua magoti, injini ipate moto na tanki lipoe. Barafu usiiweke juu ya ngozi tupu, ifunge kwa taulo lenye maji. Akianza kutetemeka, toa. Akianza kukutukana, toa pia, amefika. Fanya hivyo karibu na kuanza, si asubuhi ukaenda kulala, kwa sababu baridi haina subira, itaondoka bila kukuaga.

Halafu kuna ya kunywa. Vunja barafu ndani ya kitambaa kisafi kwa mchi mpaka iwe kama uji, changanya na maji ya pasheni na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Hiyo hupoza kutoka ndani. Lakini inanywewa polepole, funda dogo, pumzika, funda dogo. Mimi niliijaribu mwenyewe kwanza, kwa uadilifu wa kazi, na niliibugia yote kwa mkupuo. Maumivu yaliingia katikati ya macho nikamwona babu yangu akiniita, na babu yangu yuko hai, yuko Ahero, ana simu.

Na msijaribu kitu kipya siku ya mashindano. Kijaribuni mazoezini, ambapo aibu ni ya watu wachache.

Ilibaki shida ya kubeba barafu kifuani. Hapa shule iliingilia, na shule ikiingilia jambo mnajua. Mgeni mmoja alituletea vesti za kisasa za kupoza, zenye mifuko midogo ya kugandisha. Tulipangwa mstari, tukapigwa picha tukizishika, mgeni akapigwa picha akituangalia tukizishika, kisha mwalimu mkuu akazifungia kabatini ofisini kwake ili zisichakae. Hazijachakaa. Ziko baridi kabisa mle ndani, kabati liko upande wa kivuli. Kama kuna faili inayotaka kukimbia mita elfu kumi, iko tayari.

Nikatumia aproni ya mama. Si ile ya kazi, ile kuukuu aliyokuwa ameifanya ya kushikia sufuria. Mnazijua aproni za akina mama wa sokoni, mifuko mikubwa mbele inayoingia chenji, simu, kisu na siri za mtaa. Nikashona mifuko mingine mgongoni kwa gunia la unga. Chupa za plastiki nilizijaza maji nusu, nikazilaza kwa friza la jirani zigande zikiwa bapa, nikazifunga kwa kitambaa, nikazitia mifukoni. Rashid akavaa. Maua makubwa ya njano, kamba nyuma.

"Nakaa aje?"

"Kama shangazi yako."

"Yule wa Kaloleni ama yule wa Mombasa?"

"Wa Mombasa."

"Hiyo ni sawa," akasema, akaanza kuinua magoti.

Na ilifanya kazi. Mazoezi ya saa nane yaliyokuwa yakimtoa ulimi, sasa alikuwa anayamaliza akiwa na maneno. Wengine wakaanza kuja. Hata Brayo akaja, kapteni wetu, mtu wa mita mia, anayeishi Milimani kwenye nyumba ambayo friji unaisukuma kifua inakutemea barafu. Nilimwambia mita mia haihitaji kupozwa, yeye anahitaji moto. Akaniuliza kama najua kapteni ni nani. Nikamvalisha. Siku hiyo Brayo alikimbia kama mtu anayesoma notisi zilizobandikwa njiani. Baba yake alilaumu uwanja.

Kila nilipochukua barafu nyumbani mama aliniona. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alinisogezea ndoo kwa mguu, akaendelea kuparua samaki.

Sasa siku yenyewe.

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja ulio upande wa Mamboleo, na mita elfu kumi ilipangwa asubuhi, kabla jua halijapata meno. Nilimpoza Rashid mapema, kwa ustadi, uji wa barafu funda kwa funda, aproni, magoti juu. Alikuwa tayari kama chai ya wageni. Kisha wakatangaza kwamba mgeni wa heshima yuko njiani na hatuwezi kuanza bila yeye. Tukangoja. Akafika jua likiwa utosini, akachukua kipaza sauti, akatuhutubia kwa kirefu kuhusu umuhimu wa kutunza wakati.

Chupa zangu zikawa maji. Maji yakawa vuguvugu. Rashid alikuwa amepoa, akapoa, akaanza kuwa moto tena amekaa tu, anakula hotuba.

"Joto liko kichwani, Rashid," Mwalimu Odhiambo akamwambia kutoka chini ya mwavuli.

"Ndiyo, mwalimu," Rashid akajibu. "Na kichwa kiko juani."

Mzee Abdalla alikuwa amefika, na hakuja peke yake. Alikuja na binamu. Kijana mrefu, mkimya, amekaa kwenye ngazi za uwanja akiwa amevaa kandambili na soksi za michezo, nyeupe, mpya kabisa. Amejitayarisha tu, hakuna ubaya. Rashid alizitazama zile soksi kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mgeni wa heshima.

"Oti," akaniambia bila kugeuka, "fanya kitu."

Ilibaki barafu moja tu uwanja mzima. Ilikuwa nje ya geti, kwenye ndoo kubwa ya soda, na mwenye ndoo alikuwa mama yangu. Siku za mashindano huwa anaacha samaki wabichi, anauza soda na samaki wa kukaanga. Na saa ile ndiyo saa yake, kila mtu ametoka kwenye hotuba na ulimi umekauka. Kuchukua barafu ile ni kuzifanya soda zake ziwe chai.

Nilikwenda. Sijawahi kutembea polepole vile, na sikuwa nimebeba kasha. Mzee Abdalla alikuwa ametangulia pale, anakunywa soda kwa mkono wa grisi.

"Mama Oti," alikuwa anamwambia, "wale ngege ulioniwekea mwanzo wa muhula, sijala tena kama wale. Nilifika nao nyumbani bado wagumu kwa baridi."

"Karibu tena, mzee," mama akasema, akawa anapanga vizibo ambavyo vilikuwa vimeshapangika.

Nikangoja aondoke. Kisha nikasema yote kwa pumzi moja, hotuba, chupa, binamu, soksi. Nilikuwa nimeshika aproni kuukuu mkononi, imelowa, na kamba moja ilikuwa imekatika nilipoivuta kwa haraka. Mama aliitazama ile kamba. Akatazama foleni ya watu wanaotaka soda baridi. Akanitazama mimi, uso ule ule wa siku ya kasha, na nikajua yale maneno yameshaiva, yanaanguka leo.

Akafungua aproni yake mwenyewe, ile ya kazi. Akatoa chenji yote na simu akamwachia mwenzake wa karanga. Akajaza mifuko kwa barafu ya soda iliyofungwa kwa vitambaa vyake vya kufunikia samaki wa kukaanga, visafi, vyeupe. Akaingia uwanjani, mimi nyuma yake kama karani. Askari wa geti akaanza kusema kitu kuhusu pasi, akamwangalia vizuri, akaacha.

Alimvalisha Rashid mwenyewe. Akamfunga fundo nyuma, akamsukumia kipande cha barafu kwenye ukosi, akamgeuza kama mtoto anayepelekwa kanisani.

"Shikamoo, mama," Rashid akasema, baridi ikimtoa sauti.

"Marahaba. Inua magoti."

Sijui alilisikia wapi hilo la magoti. Labda alikuwa akinisikiliza muhula mzima.

Walipoitwa kwenye mstari, mama akavuta kamba mara moja, fundo likafunguka, aproni ikabaki mkononi mwake. Nilimnong'oneza Rashid, "Usijione umepoa ukaleta fujo. Mizunguko ya kwanza kaa nyuma." Nilikuwa nikifikiria meza ya mama wa viatu. Na yeye pia, nadhani.

Alikaa nyuma. Vijana, hamjui uchungu wa kumwambia mtu akae nyuma na akakusikiliza. Wenzake waliondoka kama wanafukuzwa, mbele wakawa kundi, na Rashid yuko nyuma yao anatembeza miguu kama anaenda kununua mkate. Mwalimu Odhiambo akasimama, akatoka chini ya mwavuli kwa mara ya kwanza katika historia, ambalo ndilo somo lake. Binamu akavua kandambili.

Kisha jua likaanza kazi yake. Mmoja akapungua, mmoja akashika kiuno, mmoja akaenda kwenye meza ya maji akabaki huko kama mjumbe wa kamati. Rashid akawa anawapita mmoja mmoja, bila kelele. Ikaja ile kona. Kona yake. Nilimwona anapepesuka, hatua moja ikaenda upande wa watazamaji kama mwaka jana. Mzee Abdalla alisimama, soda mkononi inamwagika kwenye kiatu, hajui.

Hatua iliyofuata ilirudi kwenye mstari.

Alimaliza wa pili. Wa pili anaenda mashindano ya mkoa, kwa hiyo sisi tulihesabu kwamba ameshinda. Lakini hakuna aliyetazama nafasi. Tulikuwa tunatazama kama atasimama. Akainama, mikono magotini, akakaa hivyo kwa muda ulioniondolea umri. Kisha akanyooka. Akatembea kwa miguu yake mpaka kwa baba yake, akamsalimu, na Mzee Abdalla akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, grisi na yote. Rashid akamgeukia binamu.

"Soksi nzuri," akasema.

Kama ilikuwa barafu, kama ilikuwa zile wiki za jua, kama ilikuwa kukaa nyuma, mimi siwezi kuapa. Madam Awuor anasema vyote, na mimi nilitaka aseme barafu. Wastaafu hufa na kinyongo kidogo, ndiyo kawaida.

Nilirudi nje ya geti. Soda za mama zilikuwa vuguvugu, zimepangwa vizuri, na foleni ilikuwa imehamia kwa jirani. Alikuwa amekaa kwenye kreti, aproni iliyolowa imeanikwa magotini, anamtazama Mzee Abdalla kule mbali akimpepea mwanawe kwa programu ya mashindano. Nikakaa chini karibu naye, nikangoja. Nilijua ndiyo siku. Kisha akasema hivi, na sijaongeza neno wala kupunguza:

"Oti, hiyo kazi ya barafu umestaafu leo, una mtihani. Na Rashid usimwambie, lakini wale ngege aliowalalia ni babake alinunua wote, na vichwa alikula Rashid mwenyewe."